Harufu Tatu za Mama

Kengele ya pili ilipolia, Pelagia alikuwa ameshaketi nyuma ya kioo, na foleni ilikuwa imeshapinda kona ya jiko la pamoja. Kuba ya Saba ilikuwa na madirisha manne ya kupimia, na watu mia sita na kumi na wawili wa kupimwa kabla ya uji. Kama kawaida, wazee walikuwa wamejipanga kwenye dirisha lake. Wapimaji wenzake walizoea kumtania kwamba amefungua klabu ya wastaafu.

"Shikamoo, Mzee Mbalamwezi."

"Marahaba, binti yangu. Naona umesuka leo. Kuna posa inakuja nasi hatujaambiwa?"

"Posa ipite wapi, Mzee, na milango yote imezibwa?"

"Kwenye bomba la hewa. Ila itabidi awe kijana mwembamba."

Mzee alikuwa bado anacheka alipoiweka pua yake kwenye mdomo wa mpira uliotokeza ukutani. Kinusishi, mashine ya kupulizia harufu, kikatoa mlio mfupi, kama mtu anayepuliza chai. Kwenye kioo kidogo mbele ya Pelagia, ambacho mzee hakuweza kukiona, yakatokea maneno: *tumbaku ya baba*.

"Hii..." Mzee Mbalamwezi alifumba macho, kisha akayafumbua akamtazama Pelagia. "Hii inataka kufanana na matope ya... hapana. Hapana, ni tumbaku. Tumbaku ya marehemu baba."

"Sawa kabisa, Mzee." Pelagia akabonyeza kijani. Kizuizi kikainuka, mzee akaenda zake kwenye uji.

Ukungu ulioishi katika vumbi la ziwa lililokauka ulikuwa na subira. Ukiingia puani haukukimbilia mapafu. Ulikaa juu kabisa, pale neva za harufu zinapotokeza kama nyuzi, ukala seli zinazozilisha nyuzi hizo, na mwenye pua asihisi maumivu yoyote. Hakukohoa, hakushikwa na homa, alilala vizuri. Alipoteza harufu tu. Siku ya nne pumzi yake ilianza kubeba mbegu za ukungu, na siku ya tisa ndipo kikohozi kilipoanza. Kuba nzima ilivuta hewa moja iliyozunguka kwenye mabomba kila baada ya dakika arobaini, kwa hiyo siku hizo za katikati zilitosha kuzika korido nzima. Watu waliuita ugonjwa huo pafu kavu. Aliyepatikana mapema alipelekwa Kando, nyumba yenye hewa yake peke yake. Kati ya vijana kumi waliokwenda Kando, saba walirudi. Wazee waliokwenda walikuwa kumi na mmoja, na waliorudi ni wawili.

Miezi mitano nyuma, harufu ya kupimia ilikuwa moja kwa watu wote: siku hii limau, siku ile kitunguu, au karafuu, au mafuta ya taa, au sabuni. Shida ni kwamba pua ya miaka sabini huchoka yenyewe, bila ukungu wowote. Bibi Odilia alishindwa kuitaja karafuu asubuhi moja akiwa mzima wa afya. Akapelekwa Kando, na hukohuko Kando ndiko alikopata pafu kavu. Pelagia ndiye aliyebonyeza nyekundu. Alilia siku mbili, na siku ya tatu akapata wazo ambalo lilionekana kwake jema kuliko yote aliyowahi kuwa nayo.

Watu wa bonde la ziwa lile huwaamkia wakubwa kwa kuchuchumaa na kupiga makofi ya polepole. Kila asubuhi Pelagia alitoka kibandani, akachuchumaa mbele ya wazee kama mtoto aliyelelewa, akawapigia makofi. Kofi moja lilikuwa limau. Mawili, kitunguu. Wazee walielewa siku ileile, hata bila kuambiwa. Wiki ya pili wajukuu nao wakaelewa, na kufikia mwezi wa pili Kuba nzima ilikuwa na adabu ya kushangaza: watu wazima wenye ndevu wakichuchumaliana koridoni na kupigiana makofi, kila aliyetoka dirishani akimsaidia aliye nyuma yake, maana nani angekubali jirani yake achukuliwe kwa sababu ya kitunguu?

Lakini wagonjwa nao walipita kwa makofi hayohayo, na Kuba ikazika watu tisa. Wa mwisho alikuwa Sabina, binti wa Evarista mpishi, aliyekuwa na miaka minne.

Hakuna aliyemshtaki Pelagia, kwa kuwa wote walikuwa wamepiga makofi. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeyapiga tena. Watu waliamkiana kwa midomo tu, mikono wakaiacha ikining'inia.

Ndipo wataalamu wa Kuba wakakumbuka Ghala la Harufu. Miaka sita iliyopita, watu walipohamia ndani kukimbia vumbi, kila mmoja aliruhusiwa kuleta harufu tatu za maisha yake ya nje. Fundi alikaa na mtu, akachanganya matone na matone, akamnusisha, akachanganya tena, mpaka mtu huyo alipoanza kulia na kusema ndiyo hii. Zilihifadhiwa ili ziwafariji. Jioni ya sikukuu mtu angeweza kwenda ghalani akanusa zizi la babu yake. Sasa ghala hilo liliunganishwa na kinusishi, na kila asubuhi kila mtu alipewa moja kati ya harufu zake tatu, ambayo jirani hakuweza kumnong'oneza. Mpimaji aliachiwa kazi ya kuamua, kwa kuwa mtu mmoja huita tope kile ambacho mwenzake amekiita mto.

"Anayefuata," Pelagia akasema, na anayefuata alikuwa mama yake.

"Usinisemeshe kama karani wa mahakama," Mama Yustina akasema, akikaza kanga kiunoni. "Umekula?"

"Mama, watu wanasubiri."

"Wasubiri. Wana safari ya wapi?"

Akainama kwenye mpira. Kinusishi kikapuliza. Kwenye kioo: *perege wa moshi*.

Mama Yustina akainua uso wake taratibu, macho yake yakatua usoni pa binti yake, yakabaki pale.

"Mvua," akasema. "Mvua ya kwanza ikidondokea majivu ya sham..."

Pelagia hakutikisa kichwa. Lakini kitu fulani usoni pake kilianguka, akahisi kinaanguka, na mama yake akakiona.

"...shamba, ndivyo nilivyotaka kusema jana," Mama Yustina akaendelea, laini kabisa, bila kumeza mate. "Leo ni samaki. Perege wa moshi, wa kwa shangazi yako."

Kidole cha Pelagia kilikaa hewani kati ya vitufe viwili. Nyuma ya mama yake mtu alipiga chafya, mwingine akasema tunachelewa jamani. Akabonyeza kijani.

*

Alipotoka kazini mchana, aliisikia harufu ya kuungua kabla hajafika hata kwenye mlango wao. Ilikuwa imejaa korido. Akakimbia.

Ndani, mdogo wake Blandina alikuwa amelala kitandani na tumbo lake la miezi tisa, amejifunika mto usoni. Mama Yustina alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya jiko la umeme, akishona kofia ndogo ya mtoto. Sufuria ya maharage ilikuwa hatua moja kutoka kwenye goti lake, ikifuka moshi mweusi.

"Mama!"

"Nini?" Mama akaruka. Akaiona sufuria. Akazima jiko haraka, akaifunika sufuria kwa kifuniko kana kwamba kilichofichwa hakipo.

"Nimemwambia mara mbili maharage yanaungua," Blandina akasema kutoka chini ya mto. "Kaniambia nina pua ya mimba. Na jana chumvi, dada, ungeonja! Ng'ombe angekimbia."

"Wewe subiri uzae, ndipo ujue kusema," Mama akamjibu.

Pelagia akamshika mkono, akamtoa koridoni, wakasimama pembeni ya bomba kuu ambako ngurumo ya hewa ingezimeza sauti zao.

"Siku ya ngapi?"

"Ya ngapi nini?"

"Mama."

Mama Yustina akatazama sakafu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, aliyewahi kupokea watoto mia mbili na zaidi kwa mikono hiyohiyo. "Leo ya tatu," akasema.

Pelagia akaegemea ukuta.

"Usinitazame hivyo. Nimepiga hesabu. Daktari anasema Blandina hana zaidi ya siku nne. Namtaka huyo mtoto, Pela. Nimwogeshe, nimpake mafuta ya nyonyo, nimnyooshe viungo siku saba kama nilivyokunyoosha wewe. Kisha nitakwenda mwenyewe. Hamtanisukuma."

"Kesho pumzi yako itaanza kubeba mbegu."

"Nitajifunga kitambaa."

"Kitambaa hakizuii. Unajua hakizuii. Utampokea mtoto wa Blandina na pumzi hiyo?"

"Basi nitamtazama kwa mbali. Nitasimama mlangoni."

"Hewa ni moja, Mama! Mlangoni ni palepale!"

Mama Yustina alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyomuumiza Pelagia kuliko maneno yote.

"Waliorudi ni wawili. Kati ya kumi na mmoja. Nikienda kesho nitakufa kule, nikienda wiki ijayo nitakufa kule. Tofauti ni kwamba nitakuwa nimemwona. Ni kitu kikubwa sana hicho ninachoomba?"

Pelagia alitamani mtu atokee kwenye kona ya korido na kusema kwamba vitabu vimekosea, kwamba mbegu huanza siku ya nane, kwamba Kando kumepatikana dawa. Alikuwa bado kijana wa kuamini mambo kama hayo. Alisubiri kweli, sekunde kadhaa, na bomba likaendelea kunguruma.

"Ulijuaje leo ni samaki?" akauliza hatimaye.

Mama akamgusa shavu. "Uso wako huu. Tangu utoto haujui kufunga mlango. Mtu akikosea unasikitika, akipatia unafurahi. Unadhani ni kwa nini tunajipanga dirishani kwako?"

"Tunajipanga? Nyie na nani?"

Mama Yustina aliuondoa mkono. Alijua amesema zaidi ya alichokusudia.

"Mama, nyie na nani?"

"Sijui. Wazee. Hatuambiani nani mgonjwa na nani pua yake imezeeka tu. Tunaambiana tu kwamba Pelagia ana huruma."

Akarudi ndani kuiloweka sufuria. Pelagia akabaki pale, mgongo kwenye bomba, akiifikiria ile siku aliyochuchumaa kwa mara ya kwanza na kupiga kofi moja la limau. Alipokwenda kuchukua chakula jikoni, Evarista mpishi alimpakulia bila kumtazama, kama alivyofanya kila siku tangu msiba. Sahani ilikuwa imejaa vizuri. Evarista hakuwahi kumpunja. Pelagia akasimama na sahani yake mkononi, akitaka kumwambia, asijue aanze na lipi.

"Kuna watu nyuma yako," Evarista akasema.

*

Asubuhi iliyofuata Pelagia alifanya jambo ambalo hakuna mpimaji aliyewahi kulifanya. Kabla foleni haijaanza kusogea, alikilaza kioo chake kifudifudi juu ya meza. Hakutaka kuijua harufu kabla ya mtu kuitaja. Uso wake usingekuwa na cha kuuza.

Wazee watatu wa kwanza walitaja harufu zao bila kusita. Akainua kioo kila mara, akalinganisha, akabonyeza kijani, akakilaza tena. Minong'ono ilianza kurudi nyuma kwenye foleni. Akamwona bibi mmoja akitoka na kuhamia dirisha jingine, kisha akasimama, kisha akarudi.

Mama Yustina alikuwa amevaa kanga yake ya Pasaka. Nyuma yake alisimama Mzee Mbalamwezi. Kwenye foleni ya wajawazito, upande wa pili, Blandina aliwapungia mkono.

Mama akakitazama kioo kilicholala. Akamtazama binti yake. Aliutafuta uso huo kila mahali, kwenye paji, kwenye pembe za mdomo, na Pelagia akamwacha atafute, machozi yakimshuka, kwa kuwa hakujua chochote na hakuwa na cha kumpa.

"Inama, Mama."

Akainama. Kinusishi kikapuliza. Mama Yustina akavuta pumzi ndefu, kifua chake kikapanda mpaka mwisho, akashikilia pumzi hiyo kama mtu aliyezama. Kisha akaitoa.

"Kichwa chako," akasema. "Una wiki moja. Nimekupaka mafuta ya nyonyo na umelala."

Pelagia akageuza kioo.

*Kichwa cha Pelagia, wiki moja, mafuta ya nyonyo.*

Mkono ukamfunga mdomo wenyewe. Kwa dakika nzima aliamini. Pua imerudi, alijiambia, imewahi kutokea, kuna watu huwa imeziba tu kwa mafua, na maharage yale, basi, mtu mzima anaweza kusahau sufuria.

"Umesikia, Mama? Umeisikia kweli?"

Angesema ndiyo. Neno moja tu, na kizuizi kingeinuka. Mama Yustina alifungua mdomo kulisema, Pelagia aliliona neno hilo likifika mpaka kwenye meno. Lakini kusema uongo kuhusu harufu ile kulimshinda.

"Sijasikia kitu, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Ni mpira tu, baridi. Nimetaja ninayoitaka." Kisha akausogelea upenyo wa kioo, haraka. "Lakini ni yenyewe, siyo? Mashine inasema ni yenyewe. Bonyeza, Pela. Hakuna atakayejua. Siku tatu. Bonyeza."

Mikono yote miwili ya Pelagia ilikuwa juu ya meza. Upande wa pili Blandina alikuwa akicheka na mwenzake, kashika kiuno. Pelagia akautazama mkono wake wa kulia ukisogea, akashangaa kwamba mkono wa mtu unaweza kufanya jambo kama hilo na bado ukabaki kuwa wake.

Taa nyekundu ikawaka juu ya dirisha.

Foleni zote nne zikageuka kuitazama. Mlango wa pembeni, wa njia ya kwenda Kando, ukafunguka wenyewe kwa mvumo mdogo wa hewa.

"Dada?" Blandina akaita. "Dada, umekosea. Hiyo ni ya Mama. Umebonyeza vibaya." Akaanza kuja, watu wakamzuia. "Pelagia! Umefanya nini wewe?"

Mama Yustina hakumtazama Pelagia. Alisimama wima, akajifunga kanga upya, akamgeukia binti yake mdogo.

"Blandina, acha kupiga kelele, utaanza uchungu hapa mbele za watu. Nisikilize. Maji yawe ya uvuguvugu, yapime kwa kiwiko, siyo kwa vidole. Kitovu usikipake kitu. Akilia usiku mweke kifuani, usimtikise. Umesikia?"

"Mama, usiende."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya." Akatembea kuelekea mlangoni peke yake, mabega mapana, bila kuharakisha. Bado hakugeuka kumtazama aliyekaa nyuma ya kioo.

Pelagia alifuta uso kwa kiganja. Kulikuwa na watu wa kupima. "Anayefuata," akaanza kusema.

Mzee Mbalamwezi alishasogea. Hakuinama kwenye mpira. Aliweka kofia yake juu ya rafu ya dirisha, akakuna kichwa.

"Usijisumbue kukigeuza hicho kioo, binti yangu," akasema. "Mimi leo siku ya pili."

"Mzee..."

"Bonyeza tu. Mwenzangu ananiacha."

Pelagia akabonyeza. Nyuma ya mzee, Bibi Restituta, aliyehama dirisha na kurudi, akasema hata hakumbuki alipoteza harufu lini, juzi pengine, na akaomba radhi, kana kwamba amemwaga chai kwenye zulia la watu. Kisha mwanamume mmoja ambaye hakuwa mzee hata kidogo, fundi wa mabomba, akatoka kwenye foleni ya dirisha la tatu bila kuitwa na mtu, akaenda kusimama pale chini ya taa nyekundu. Evarista mpishi, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi, akaja akamshika Blandina kwa mabega, akamkalisha.

"Mama Pelagia!" Mzee Mbalamwezi akapaza sauti kwenye njia ile nyeupe. "Ngoja basi! Unatembea kama unawahi gulio."

Mama Yustina akageuka. Akamwona yeye, akamwona Bibi Restituta na fundi nyuma yake, wakija.

"Na wewe?" akasema. "Mzee mzima! Jana si ulitutambia hapa na tumbaku ya baba yako!"

"Tumbaku gani? Nimesoma uso wa binti yako, kama wewe."

Mama Yustina akaweka mkono kifuani. Akacheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile kikubwa cha nyumbani, kilichomtikisa mabega, na akiwa katikati ya kucheka akainua macho kupita vichwa vya wenzake, akamtazama Pelagia. Mlango ukaanza kujifunga. Pelagia alikuwa amesimama bila kujua, paji lake limegusa kioo cha dirisha, na alibaki hivyo akisubiri kicheko kile kiishe, ingawa mlango ulikuwa umeshafungwa na hakuweza kukisikia tena.